Mwenyekiti Asiye na Kiti

Lugha yetu inamwita kiongozi wa mkutano mwenyekiti, na sidhani waliolibuni neno hilo walikuwa wanatania. Mwenye kiti ni mtu anayejua kesho asubuhi atauweka wapi mwili wake. Mimi ni mhasibu wa miaka 51, nimechaguliwa mara tatu kuwa mwenyekiti wa chama chetu cha akiba huko Kasarani, Nairobi, na tangu mwezi wa Machi sina kiti, si ofisini wala nyumbani kwangu.

Nianze na ofisini. Kampuni ninayoifanyia kazi, ambayo nitaisitiri jina kwa sababu bado inanilipa, iko orofa ya saba ya jengo moja Westlands. Ijumaa moja tuliondoka tukiacha kila mtu na meza yake na droo zake, nami katika droo yangu ya chini nilikuwa nimehifadhi miwani ya akiba, kikopo cha chumvi ya kulia mayai, jozi moja ya soksi za siku za mvua, na stakabadhi za tangu mwaka 2009 ambazo hakuna aliyewahi kuziulizia lakini siku zingeulizwa ningekuwa shujaa. Jumatatu tuliporudi, kuta za ndani zilikuwa zimeng'olewa, na katikati ya ukumbi palisimama meza moja nyeupe, ndefu kama ya karamu ya harusi, isiyo na droo hata moja. Karani wa utumishi alitusomea tangazo kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwenye mahali pake, na kwamba atakayewahi ndiye atakayekaa. Huo ni utaratibu wa matatu, ila matatu, hata ikijaa, humtafutia aliyechelewa pa kuning'inia. Stakabadhi zangu nilizikuta ndani ya katoni, karibu na mtungi wa maji, na chumvi sikuiona tena.

Kisha tulikusanywa ili tuelezwe uzuri wa mambo hayo na kijana mmoja, msanifu wa mambo ya ndani, ambaye suruali yake ilimwishia juu ya vifundo vya miguu, lakini nimpe haki yake, kazi yake aliijua. Alituonyesha picha za samani mashuhuri. Alisema kwamba mwaka 1859 seremala mmoja Mjerumani aliyehamia Vienna, Michael Thonet, alipinda mbao kwa mvuke akatengeneza kiti alichokiita nambari 14, chenye vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na kwamba viti 36 vya aina hiyo, vikiwa vimefunguliwa, viliingia katika sanduku moja la mita moja ya ujazo. Wenzangu walipiga makofi. Mimi niliguna tu, kwa maana kiti nambari 14 ninakifahamu tangu ujana wangu: ni kile cha mwisho kabisa katika matatu ya abiria 14, ambacho ukikikalia magoti hufika kidevuni na mlango wa nyuma hukupiga mgongoni kila mkipita tuta. Na mtu anayeweza kuingiza 36 katika mita moja, angezaliwa huku kwetu, angekuwa makanga wa Thika Road na angekwisha kujenga nyumba tatu za kupangisha.

Akaendelea na Marcel Breuer wa Bauhaus, shule ya usanifu ya Ujerumani, ambaye mwaka 1925 aliutazama usukani wa baiskeli yake, akaona jinsi chuma kilivyopindika, akatengeneza kiti cha mabomba ya chuma ambacho hadi leo wenye fedha wanakigombania. Hapo nilitaka kunyosha mkono. Pale Kamukunji mafundi wa jua kali wanapinda vyuma tangu alfajiri hadi masikio yao yazibe, na sijasikia mtu akiwapigia makofi. Lakini nilinyamaza, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimezama ndani ya gunia.

Gunia hilo ni samani. Ni mfuko mkubwa uliojazwa chembe za plastiki, hauna miguu wala mgongo, na vijana wa ofisini wanaulalia na kompyuta zao vifuani wakisema kwamba wanafikiri. Kijana alituambia kwamba ni ubunifu wa Waitaliano watatu, Gatti, Paolini na Teodoro, wa mwaka 1968, na kwamba jina lake la asili ni Sacco. Nilimwomba arudie. Sacco ninayoijua mimi huweka akiba, hukopesha, na mwisho wa mwaka hutoa gawio, hata kama ni la kununulia unga tu, ilhali hii ya kwake ilikuwa imenimeza kiuno kizima na ilihitaji wadhamini wawili ili nitoke, mmoja kila mkono. Babu yangu alibeba magunia bandarini Mombasa ili wajukuu wake wakalie viti.

Mwaka huohuo wa 1968, tulielezwa, Mmarekani Robert Propst aliuza mpango wake wa ofisi yenye visetiri vya kuhamishika, kwa nia ya kumkomboa mfanyakazi, na waajiri wakavigeuza kuwa vibanda vya kuwabania watu. Kila mtu alicheka kwa huzuni. Mimi nilikitamani kibanda. Kibanda kina pembe, na mtu mwenye pembe anaweza kutundika kalenda.

Hata hivyo, kilichoniaibisha ni kiti cha kazi chenyewe. Kina nyenzo nne chini ya makalio na gurudumu dogo upande wa kulia, kina wavu mgongoni kama wa kuvulia dagaa, na kimekuja na kijitabu cha kurasa nyingi kuliko mkataba wangu wa ajira. Tulipewa mafunzo ya nusu saa kuhusu namna ya kukaa, sisi ambao tulikuwa tumekaa maisha yetu yote bila cheti. Siku ya tatu niliitwa kumweleza Mkurugenzi hesabu za robo ya mwaka, mbele ya wageni. Nilipokuwa nikieleza safu ya mapato, nilihisi mgongo hauko sawa, nikagusa wenzo mmoja kwa adabu. Kiti kikatoa sauti ya "fiii", kikaanza kushuka polepole. Sikutaka kukatiza maelezo, kwa hiyo niliendelea kusoma huku nikizama, na nilipofika kwenye safu ya matumizi meza ilikuwa imenifika kifuani, na kwenye safu ya madeni wageni walikuwa wanaona macho na upara tu. Mkurugenzi aliuliza kama hali ya fedha ni mbaya kiasi hicho.

Pale mapokezi kuna viti viwili vya ngozi nyeusi na miguu ya chuma iliyopishana. Hivyo ni nakala, lakini asili yake ni ya Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich, waliovibuni mwaka 1929 kwa ajili ya banda la Ujerumani katika maonyesho ya Barcelona, ambako mfalme wa Hispania alitarajiwa kufika, na inasimuliwa kwamba mfalme mwenyewe hakukaa. Huku kwetu mila hiyo imezingatiwa kikamilifu. Mtu wa bodaboda akileta bahasha na kujaribu kupumzisha miguu, binti wa mapokezi humwomba kwa sauti nyororo asimame, kwa sababu ngozi inachubuka. Nakiri kwamba hata kwetu Malindi, katika nyumba ya babu, palikuwa na kiti cha enzi cha mpingo, chenye mapambo ya pembe na kamba zilizosukwa, ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukiegemea. Lakini kile kilingoja mgeni wa heshima, na mgeni akija alikaa, akanywa kahawa, akasahau kuondoka. Hivi vya mapokezi sijui vinamngoja nani.

Laiti ugonjwa ungebaki Westlands. Mama Zuhura alikuja ofisini siku moja kuniletea ufunguo, akaona kila kitu, na jioni hiyo akaanza kuitazama seti yetu ya makochi kama mtu anavyomtazama mkwe asiye na kazi. Seti ile ilikuwa ya watu saba, mbao za mkangazi, mikono minene unayoweza kuweka sahani ya pilau bila wasiwasi, na kila mgongo ulivikwa kitambaa cha uzi alichokifuma yeye mwenyewe miaka ya mwanzo ya ndoa yetu. Alisema inakula nafasi. Nilimjibu kwamba nafasi tunailipia kodi kila mwezi, haina budi kuliwa na mtu.

Tulienda kwanza katika duka moja lenye viyoyozi, tukaonyeshwa kochi la kijivu lenye umbo la herufi L, mgongo wake ukiishia kiunoni na miguu yake ikiwa myembamba kama ya korongo, kwa shilingi 285,000. Niliuliza kichwa huegemea wapi. Muuzaji alisema kwamba kochi hilo linaongea na chumba. Tukaondoka, tukaenda Ngong Road, ambako mafundi wamepanga kazi zao kando ya barabara, vitanda kwa makochi, na vumbi la msasa linakufuata hadi ndani ya gari. Fundi tuliyemkuta alikuwa na randa mkononi na penseli nyuma ya sikio, nami moyo wangu ukatulia, kwa kuwa nilidhani nimepata mwenzangu. Nilimwambia nataka kiti cha kawaida chenye mgongo mrefu. Akafuta mikono, akatoa simu, akanionyesha picha ya kochi lilelile la kijivu. "Mzee, hiki ndicho wanachotaka wote," alisema, "kile cha kwako nitalazimika kukitafutia kipimo kwa baba yangu." Bei yake ilikuwa 110,000. Nilipolalamika alinikumbusha kwamba tangu ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipopigwa marufuku Februari 2018 mbao zilipanda, na hata baada ya Rais kutangaza mwaka 2023 kwamba marufuku imeondolewa, bei haikuwa imesikiliza hotuba hiyo. Tulikubaliana 95,000, fremu ya saiprasi, sponji ngumu, kitambaa cha velveti. Seti ya mkangazi ilichukuliwa na jirani wa orofa ya chini kwa 18,000, na hadi leo ninasikia jinsi anavyoketi, kwa mlio ule ninaoujua.

Sisi tunakaa orofa ya nne. Kochi lilifika Jumamosi alasiri kwa pikapu, likapanda ngazi vizuri hadi kwenye kona ya orofa ya pili, na hapo likakwama, kichwa kikielekea kwetu na miguu kwa Mama Otieno. Kochi lina sentimita 95 kwa kina, na ngazi, tuliyoipima baadaye kama ilivyo desturi, ina 88. Vijana walilisukuma, wakaligeuza, wakalilaza ubavu, wakalisimamisha wima kama maiti ya tajiri, nami nilisimama chini nikitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwa saa tatu jengo zima lilipita chini yake kwa kuinama. Mtoto wa Mama Otieno, alipokuta mlango wao umezibwa, alipanda juu yake, akafungua daftari, akamaliza hesabu za shule palepale ngazini. Na ninaweza kusema kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kukaa vizuri kwenye kochi hilo. Mwishoni lilivutwa kwa kamba kupitia baraza, kwa shilingi 4,000 zaidi, huku mtaa wote ukipiga picha.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuwapokea wanachama. Watu kumi na mmoja waliingia, wakalizunguka kochi kama ng'ombe aliyelala, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Mzee Kamau, ambaye magoti yake yanamsumbua, alikaa akashuka hadi mahali ambapo kikombe cha chai kilikuwa juu zaidi ya pua yake, na ilipofika wakati wa kutoa mchango hakuweza kufikia mfuko wake. Mama Zuhura, aliyekuwa amefungia vitambaa vyake kabatini, alitazama madoa ya chai kwenye velveti bila kusema neno. Viti vya plastiki vililetwa mbio kutoka kanisani, wanachama wakahamia huko, na kochi likabaki limekaliwa na mikoba na makoti. Mimi nilipokosa kiti, kama mwenyeji anavyostahili, nilikwenda jikoni nikachukua mbuzi ya nazi, ile aliyonipa marehemu mama nilipooa, nikaikunjua, nikaikalia huku meno yake ya chuma yakitazama upande wa mlango, nikaongoza mkutano hadi mwisho. Mgongo haukuniuma hata kidogo.

Wageni walipoondoka, mke wangu aliniambia kwamba mbuzi ile haiendani na sebule ya sasa, na kwamba kama ninaipenda sana niipeleke ofisini kwangu.

Jumatatu niliikunja, nikaitia kwapani, nikapanda matatu. Mlangoni pa jengo askari alipitisha kifaa chake cha kukagulia, kikalia. Aliichukua, akaikunjua, akayagusa meno kwa kidole gumba. "Mzee, hii ni nini?" Nilimwambia ni kiti changu. Alisema kwamba kiti chenye meno ni silaha, haiwezi kupanda orofa ya saba, na ataiweka hadi jioni. Askari huyo amesimama mlangoni hapo kwa miaka sita, na sikumbuki kumwona amekaa.

Niliposhuka saa kumi na moja na nusu nilimkuta ameketi juu ya mbuzi, mgongo umenyooka, rungu mapajani, akikagua mikoba ya watu bila haraka. Nilisimama mbele yake nikangoja. Nilipomwomba anipishe, aliniomba radhi kwa heshima zote, akasema amesikia kwamba huko juu siku hizi anayewahi ndiye anayekaa.