Bunduki Inaposafiri Vipande Vipande

Machi 1963, Lee Harvey Oswald aliagiza bunduki kwa jina la uongo kutoka duka moja la Chicago. Alilipa dola 21.45 na posta ikamfikishia. Novemba mwaka huohuo Rais John F. Kennedy akauawa kwa bunduki hiyo. Sheria ya Marekani ya 1968 ikakomesha biashara hiyo: anayeagiza bunduki kutoka jimbo jingine sharti aipokee kupitia kwa muuzaji mwenye leseni.

Vipuri havikuguswa. Kwa sheria ya shirikisho, bunduki ni ile sehemu moja inayobeba mitambo ya kufyatulia, iitwayo fremu, na ndiyo inayopigwa namba ya utambulisho. Mtutu, kitako, kifyatulio na springi huagizwa na kufikishwa mlangoni bila sheria hiyo kutaka mnunuzi achunguzwe.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito, na wanaowabeza wanakosea. Springi huchoka, mtutu hulika. Mwindaji aishiye mbali na fundi, au mwenye bunduki kuukuu ambayo kiwanda chake kilishafungwa, atapata wapi kipuri kama si kwa kifurushi? Kumlazimisha apitie kwa muuzaji mwenye leseni kwa ajili ya skrubu ni kumwongezea gharama bila kumkinga yeyote.

Tatizo ni pale vipuri vinapokuwa vya kutosha kuunda bunduki nzima. Kulikuwa na seti zilizouzwa na fremu ambayo haijamaliziwa: mnunuzi anaikamilisha nyumbani, anapata silaha isiyo na namba. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba seti za namna hiyo zinaweza kuhesabiwa kuwa bunduki, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ikaiunga mkono, majaji 7 kwa 2. Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2017 linautaja mtutu, fremu, silinda na vinginevyo kuwa sehemu za msingi, zenye masharti sawa na ya bunduki yenyewe. Kwa hiyo mtutu ambao Marekani ni bidhaa ya kawaida, ukivuka bahari unaweza kumpeleka mpokeaji mahakamani.

Je, wasafirishaji ndio wawe walinzi? Tangu hukumu ya 1878, posta ya Marekani haiwezi kufungua barua iliyofungwa bila hati ya mahakama. Kampuni binafsi hazibanwi hivyo. Masharti yao huziruhusu kufungua mizigo, hata kukataa kilicho halali. Wapo wanaolifurahia hilo. Mimi linanitia wasiwasi. Masharti ya kampuni hayapigiwi kura, na karani anayetazama picha ya eksirei hana ujuzi wa kutofautisha mtutu na bomba la mashine.

Naona njia ya Ulaya ndiyo sahihi: sehemu zinazobeba nguvu ya mlipuko, kama mtutu, zipigwe namba na muuzaji amwandike mnunuzi, vidude vingine viende kwa uhuru. Kwa njia hiyo mzigo unamwangukia anayekijua anachouza, nao wasafirishaji wanabaki kusafirisha. Pingamizi kubwa nalikubali: mitutu isiyo na namba imeshajaa mikononi mwa watu, na fremu sasa huchapishwa nyumbani kwa plastiki, kwa mashine ziitwazo printa za 3D. Lakini mtutu unaohimili shinikizo la risasi ni kazi ngumu zaidi kuutengeneza nyumbani kuliko fremu ya plastiki, na mwingi bado hununuliwa. Ndiyo maana sheria inayohesabu fremu peke yake inalinda sehemu ambayo imekuwa rahisi kuipata.