Wazee hawang'ang'anii kazi, kazi ndiyo inayowashika

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema wazee wakistaafu wabaki nyumbani, vijana wapate nafasi. Nyumbani kwa nani, ndugu yangu? Baba yangu mdogo hapa Arua, Uganda, ni fundi cherehani, ana miaka 71. Hajawahi kuajiriwa na mtu. NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni wa walioajiriwa, anaisikia redioni tu. Hiyo "kustaafu" ataanzia wapi?

Posho ya wazee ya serikali ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima ilianzia miaka 80. Kati ya 60 na 80 mtu anakula nini? Baba mdogo anasomesha wajukuu watatu, na Februari shule zikifunguliwa utamkuta anashona sare za watoto wa watu mpaka usiku ili alipe ada za wajukuu wake. Macho yenyewe hayaoni tundu la sindano. Uzi anatungiwa na mjukuu.

Walimu wa serikali wanaoondoka wakifika 60 angalau wana pensheni. Nao pia nawaona wakifundisha shule za binafsi, kwa sababu kiinua mgongo kiliishia kwenye mabati.

Halafu huyo kijana anayezibiwa nafasi, cherehani ya baba mdogo anaitaka kweli? Tulimwita mmoja ajifunze, akakaa wiki mbili, akaenda kuendesha bodaboda.