Anayetaka kurekebisha mwili wake Nairobi aende wapi?

Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki ya kibinafsi hapa Nairobi, na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, likaifunga kliniki hiyo. Siku zile, ndani ya matatu na hata nje ya kanisa baada ya ibada, nilisikia swali lile lile: alikosa nini hata akajipeleka kwenye kisu? Waliouliza kliniki za aina hiyo hukaguliwa vipi, na wanaoshika kisu humo walisomea wapi, walikuwa wachache mno.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Asubuhi huwa wodini kwa walioungua, wengi wao watoto waliomwagikiwa uji au chai ya moto. Jioni mbili kwa wiki huwapokea kliniki wanaotaka kupunguza tumbo, kuinua matiti au kuondoa makovu ya chunusi. Kazi ya asubuhi huniletea baraka za kina mama. Ile ya jioni huniletea jina la mchuuzi wa majivuno.

Ufundi ni mmoja. AMREF, shirika la afya ambalo Wakenya wanalijua kwa ndege zake za madaktari, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, wote wa fani hii: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alipata sifa kwa kuwatengenezea nyuso upya marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili. Rees alijulikana New York kwa upasuaji wa urembo wa uso. Hakuna aliyewaambia wakati huo kwamba mmoja ana mkono safi na mwingine mkono mchafu.

Na huo mpaka kati ya tiba na urembo mbona siuoni nikiwa na mgonjwa mbele yangu? Mama aliyezaa mara nne, misuli ya tumbo imeachana, ngozi inaning'inia na chini yake kuna fangasi wasioisha. Msichana aliyetoboa sikio, pale pakaota keloidi, yaani kovu lililovimba, kubwa kama yai, naye huvaa leso mwaka mzima. Dada ambaye matiti yake ni mazito hadi mikanda ya sidiria imemchimba mifereji mabegani. Wote watatu wataambiwa wanataka urembo, na bima nyingi zitasema hivyo hivyo.

Wanaopinga wana hoja, na moja inaniuma. Madaktari wa fani hii nchini ni wachache. Saa ninayotumia kunyonya mafuta kiunoni ni saa ambayo mtoto aliyeungua anasubiri kupandikizwa ngozi. Naweza kusema kwamba kipato cha jioni kimewazuia wenzangu kadhaa kuhama nchi, na ni kweli, lakini jibu hilo halimtoshi mzazi aliyekaa kando ya kitanda.

Hoja ya pili ni hatari. Kutunisha makalio kwa mafuta ya mtu mwenyewe kulikadiriwa mwaka 2018 kuua takriban mtu 1 kati ya 3,000, na mwaka huo huo chama cha madaktari wa urembo cha Uingereza kikawashauri wanachama wake waache. Mafuta yakidungwa ndani ya msuli huweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyo humo, yakasafiri hadi kwenye moyo na mapafu. Baadaye ikaelekezwa kwamba yawekwe chini ya ngozi tu, juu ya msuli, na makadirio ya vifo yakapungua sana. Kwangu hilo linaonyesha kwamba tofauti ya kuishi na kufa ni sentimita chache, na sentimita hizo anazijua aliyefundishwa.

Ila kuna takwimu moja ambayo siiachi, nayo haihusu kisu kabisa. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Kati ya hao, 32 walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya nusu! Wafikirie wamelala pale, uso umevimba, na chanzo kiko kwenye kikopo kidogo kilichofichwa kabatini nyumbani. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuacha. Maana yake ni kwamba kuulizwa kwa upole, na kujibu bila kuogopa, ilikuwa sehemu ya dawa.

Zaidi ya miaka 50 imepita, Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, umepiga marufuku vipodozi vya zebaki, na bado napokea waliojichubua. Mashavu yamekuwa meusi ya kibuluu kwa haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, iliyotumika miaka na miaka. Wengine wamebabuliwa na leza iliyowekewa nguvu ya ngozi nyeupe. Ninapouliza walifanyiwa wapi, huinamisha macho: chumba juu ya saluni, mtu aliyependekezwa na rafiki, malipo kwa simu, hakuna risiti. Ninapouliza kwa nini hawakuja hospitalini, jibu karibu ni moja. Daktari angenigombeza.

Sitetei kujichubua. Anayeniomba nimng'arishe mwili mzima namkatalia, na namweleza sababu bila kumsimanga. Nimemkatalia pia kijana wa miaka 19 aliyetaka makalio kama ya picha aliyoniletea kwenye simu, na mke aliyeletwa na mumewe, mume ndiye akiongea. Kukataa ni nusu ya kazi yangu ya jioni, lakini siwezi kumkatalia mtu ambaye hakuthubutu kuingia mlangoni.

Majina ya madaktari waliosajiliwa yako kwenye tovuti ya KMPDC, na yeyote anaweza kutafuta la daktari wake kabla ya kulipa shilingi moja. Wiki iliyopita mama mmoja alinionyesha kwamba ametafuta langu. Kisha akauliza kama tunaweza kuandika kwenye faili kwamba alikuja kwa ajili ya mgongo, maana dada zake hawajui.