Mlenda Uliosimamisha Fainali

Kuna watu hapa Dodoma mpaka leo wakiniona napita wananyamaza kwanza, kisha mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule wa dawa ya kijani?" Ndiye mimi. Ila haikuwa dawa. Ulikuwa mlenda.

Mimi nina magonjwa mawili. La kwanza ni muziki. Nina kibanda karibu na soko la Majengo, kazi yangu kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Mteja akitaka singeli za kupigia kwenye bajaji namwekea, tena nyingi, lakini katikati yake nachomeka Mbaraka Mwinshehe mmoja au wawili, nyongeza ya duka. Wapo waliorudi kulalamika. Dereva mmoja aliniambia kampata abiria mzee aliyefika kwake Nkuhungu akagoma kushuka mpaka gitaa liishe. Siku hiyo nilifunga kibanda mapema nikaenda kujipongeza.

Na mimi ni Msondo. Bendi imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, majina yote hayo ya kuolewa na kuachika, lakini kwao ni Msondo. Fundi cherehani wa kibanda cha pili ni Sikinde kindakindaki. Nikimkumbusha kwamba Sikinde walipoanza 1978 walibeba waimbaji wetu, anasimamisha cherehani na suruali ya mtu inalala siku hiyo bila pindo.

Ugonjwa wa pili ni mpira. Mimi ni Dodoma Jiji, mlima zabibu, tangu kabla timu haijapanda Ligi Kuu mwaka 2020. Ni ushabiki wa upweke huu. Simba au Yanga wakija Uwanja wa Jamhuri, unagundua mji mzima kwao ni Kariakoo. Jirani uliyekula naye ugali mchana, saa kumi kavaa nyekundu, au kijani na njano, anakuzomea kwenye uwanja wa mji wenu. Nimezoea. Naenda, nazomewa, narudi.

Lakini hakuna mpira unaouma kama ndondo. Mwaka huo timu ya mtaa wetu iliingia fainali ya kombe la mbuzi. Zawadi yenyewe ilikuwa beberu mweupe mwenye doa jeusi kwenye jicho, kafungwa kwenye mwarobaini nyuma ya goli tangu asubuhi ili kila mchezaji aone anachokipigania. Beberu wa kweli, si wale wa kwenye hotuba.

Wapinzani wetu walikuwa watu wa ng'ambo ya reli. Nusu fainali walikuja na kirikuu kimebeba spika mbili, singeli inatoka humo mpaka refa anatingisha mabega bila kujijua. Kamati yetu ikanifuata kibandani. "Wewe ndiye mtu wa muziki," mweka hazina akasema, "fainali tunataka kelele." Akanipa elfu kumi na tano.

Elfu kumi na tano haikodi hata waya wa spika. Redio kaseti yangu nayo wiki hiyo ilikuwa imemeza kanda, utepe wote umejikunja tumboni, nahangaika kuurudisha kwa kalamu ya risasi. Nilikuwa nazungusha kalamu hiyo hiyo nilipoikumbuka ngoma ya Shangazi.

Shangazi yuko Mvumi, kwenye kundi la muheme. Kwa asiyeijua, muheme ni ngoma ya Wagogo na wapigaji wake ni akina mama. Imebanwa kiunoni kama kinu kilichofunga mkanda, juu ngozi, chini wazi, na mama huibana katikati ya mapaja akaipiga kwa mikono. Wengi wanamjua marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa huku huku, aliyelifikisha zeze letu mpaka Ulaya. Sawa. Mimi nasema ukitaka kuujua Ugogo, kasimame mbele ya akina mama kumi wa muheme wakiwa wamechangamka, halafu ujaribu kutulia.

"Mbukwenyi," niliita mlangoni.

Nikamwambia Shangazi nataka kuirekodi ngoma yake nyimbo zisipotee. Haukuwa uongo mtupu. Simu yangu inarekodi.

"Usiipige," akasema. "Hii si ya wanaume."

"Sawa, Shangazi."

"Na usiikalie."

"Siikalii."

"Na huu mpelekee mkwe wangu."

Ulikuwa mlenda mkavu, ule uliotwangwa mpaka ukawa unga wa kijani. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu 2019 na Shangazi ni mtii wa sheria, kwa hiyo aliufunga kwenye kipande cha kaniki nyeusi, fundo juu ya fundo. Mimi mikono imejaa ngoma, nikakisokomeza kifurushi ndani ya ngoma kwa ule upande wa wazi. Kikakaa humo kimya. Kwenye Haisi konda akanitoza nauli ya watu wawili, akili yote ikahamia kwenye ugomvi ule, mlenda nikausahau kabisa.

Uwanja wetu hauna jukwaa, una mwamba. Mungu alipopita Dodoma mfuko wake wa mawe ulikuwa umetoboka, na jiwe moja kubwa limelala kwa mteremko hadi karibu na goli la kaskazini. Mashabiki tunakaa humo, wa chini wanaona mpira, wa juu wanaona mpira na treni. Nilipanda juu kabisa. Asubuhi yalikuwa yamepita manyunyu, ngozi ilikuwa imelegea, nikiigonga inalia kama mto wa kulalia. Nikashuka kwa muuza chipsi, nikaigeuza ngozi chini juu ya jiko lake la mkaa. Baada ya muda ikakaza. Ilipata na masizi, sikujali.

Nikapanda tena, nikaibana kwa mapaja, nikaanza.

Sijawahi kuchekwa na wanawake wengi kiasi kile kwa wakati mmoja. Bibi mmoja aliyekuwa anauza zabibu aliweka beseni chini ili acheke vizuri. "Baba," akaniita, "unapiga muheme au unatwanga uwele?" Akaja akakaa pembeni yangu, akaushika mkono wangu kama wa mtoto wa chekechea. "Acha kuipiga kama inakudai. Iguse. Hapa katikati, halafu hapa ukingoni. Umesikia? Sasa mwachie nafasi mwenzako aitikie." Mwenzangu nani? Nilipoinua macho, akina mama wa karanga walikuwa wameanza kupiga makofi kwenye zile nafasi, vijana wakaokota mawe wakawa wanagonga mwamba, na kwa mara ya kwanza singeli ya ng'ambo ya reli haikusikika. Dereva wa kirikuu akaongeza sauti, spika moja ikakoroma ikazimika. Msondo, Sikinde, zeze, vyote nilivyovipenda maisha yangu yote vilikuwa hapo kwenye mapaja yangu, vina joto la mkaa wa chipsi.

Kipindi cha pili, bila kwa bila. Ikapigwa kona, mshambuliaji wetu akaruka, kichwa, goli! Goli la kaskazini, pale chini yetu!

Nikaruka na mimi.

Mtu aliyebana ngoma kwa mapaja akiruka, ngoma haiji naye. Ilianguka, ikasimama kidogo kama inafikiri, kisha ikalala ubavu ikaanza kuteremka. Ngoma yenye kiuno haibiringiki sawasawa. Inazunguka kwanza, inakupa matumaini kwamba itaishia hapo, halafu inapata njia. Du. Du-du. Ikapita katikati ya miguu ya mweka hazina, ikaruka beseni la zabibu bila kugusa hata chembe, ikatua uwanjani, ikagonga nguzo ya goli na kusimama wima. Kaniki ikachomoka, fundo likafumuka, na upepo wa Dodoma, ambao siku hiyo ulikuwa umetulia tangu asubuhi, ukaamka. Unga wa kijani ukatambaa taratibu kwenye mstari mzima wa goli.

Kukawa kimya. Kipa wao alitazama ngoma nyeusi kwa masizi. Akatazama kaniki. Akatazama unga. Akaukumbuka mpira uliompita muda mfupi uliopita. Akavua glovu moja, halafu ya pili.

"Mimi nina watoto," akasema, akatoka.

Refa akauliza ngoma ni ya nani. Mwamba mzima ulinyoosha vidole kwangu. Wa kwanza kabisa mweka hazina.

"Ni mlenda tu huo, mwalimu," nikasema. Refa wetu siku za kazi anafundisha hisabati.

"Mlenda gani unafungwa kwenye kaniki?" nahodha wao akadakia.

"Wa Shangazi."

"Huyo Shangazi anakaa wapi?"

"Mvumi."

"Anafanya kazi gani?"

"Ana ngoma."

Watu wakaguna. Kila nikijibu nilikuwa nazidi kulichimba shimo.

"Kama ni mlenda, ulambe," refa akasema. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini hakuufikiria mlenda wenyewe. Nilichota wa kutosha ili nisionekane naogopa, nikaubugia mkavu. Mlenda ukikutana na mate unafanya kazi yake. Ukanivimbia mdomoni, nikafungua kinywa niseme "mnaona?", ukatoka utelezi wa kijani unaovutika mpaka kifuani.

"Povu! Anatoa povu!"

Uwanja ulirudi nyuma hatua tatu, na refa ndiye aliyekuwa mbele katika kurudi nyuma. Bibi wa zabibu pekee ndiye aliyepiga kelele kutoka juu kwamba jamani huo ni mlenda, tena umekosa chumvi. Nani atamsikiliza mtu aliyenifundisha kupiga ngoma yenyewe?

Wakati tunabishana, tukasikia mtu anatafuna. Kamba ya beberu ilikuwa ndefu kuliko tulivyodhani. Alikuwa ameshausafisha mstari wa goli, sasa anamalizia kaniki.

Mpira ukasimama upya. Mzee mmoja wa kamati akashauri tusubiri, beberu akianguka tumejua, asipoanguka tumejua. Refa akaangalia saa. Tulisimama robo saa nzima, wachezaji na mashabiki, tumemzunguka mbuzi bila kusema neno. Alicheua. Alidondosha vidonge vyake bila wasiwasi. Alimtazama kila mmoja wetu kwa lile jicho lenye doa.

"Mbona kama anacheka?" mtu akauliza, na watu wawili wakaondoka moja kwa moja.

Beberu hakuanguka. Goli letu likakataliwa hata hivyo, eti kiliingia kitu kisichohusika uwanjani, wakati mpira ulikuwa wavuni kabla ngoma haijaanza hata kufikiria safari. Hili nitalikatia rufaa mpaka kaburini. Tukaenda kwenye matuta. Kipa wao alirudi kwa masharti kwamba matuta yote yapigwe goli la kusini. Wakatufunga.

Kisha wakakataa mbuzi. Hawali mbuzi aliyekula dawa, wanataka fedha. Timu yetu nayo ilikataa kumpokea, hata kwa bure. Kamati ikakaa chini ya mwarobaini dakika mbili, ikatoka na hukumu: mwenye ngoma atawalipa ng'ambo ya reli elfu tisini kwa mafungu, na mbuzi ni wake. Zile elfu kumi na tano wakazikata humo humo.

Kesho yake nilirudi Mvumi na ngoma iliyochanika ngozi ukingoni, na beberu. Konda alikuwa yule yule. Alitutazama watatu sisi, akasema nauli ya watu wanne.

Shangazi alikuwa ameketi nje. Video ilishamfikia, kijana wa jirani alimwonyesha kwenye simu mara tatu, ya tatu akiomba wairudishe pale ninapotoa povu. Hakunisemesha. Aliipokea ngoma, akapitisha kidole kwenye mchaniko. Akaufuta masizi kwa ncha ya khanga. Kisha akainuka, akamwendea beberu, akamvuta ngozi ya mgongo kwa vidole viwili kama mama anayepima kitenge dukani.

"Itatosha," akasema.

Beberu akanitazama mimi.

Simu ikaita, mke wangu. "Umefika salama?"

"Nimefika."

"Muulize Shangazi kama ule mlenda umebaki."

Nikauliza huku natazama chini. Shangazi akaingia ndani, akakaa humo kitambo, akatoka na kifurushi kingine, kaniki nyeusi, fundo juu ya fundo.

"Hiki," akasema, "utakishika mkononi."