Chumba Namba 19: Filamu ya 1950 Inayostahili Kutazamwa Upya

Mashabiki wa filamu za taharuki wanapozungumzia kazi za Uingereza za miaka ya baada ya vita, ni wachache wanaoikumbuka So Long at the Fair ya mwaka 1950, na hata wanaoikumbuka huitaja zaidi kwa sababu ya mmoja wa waongozaji wake wawili, Terence Fisher, aliyekuja kujulikana baadaye kwa filamu za kutisha kama Dracula ya 1958. Nimeitazama upya nyumbani, kwenye diski, na nimezidi kuamini kwamba imepunjwa. Kwa kuwa siwezi kuitetea bila kufichua siri yake, msomaji ambaye hajaiona na anataka kuionja mwenyewe aiweke makala hii kando kwanza.

Hadithi inatokea Paris mwaka 1889, wakati wa Maonyesho ya Dunia yaliyofunguliwa mwezi Mei kuadhimisha miaka 100 ya Mapinduzi ya Ufaransa, mnara wa Eiffel ukiwa ndio kwanza umesimama. Vicky Barton, msichana wa Kiingereza anayeigizwa na Jean Simmons, anafika na kaka yake Johnny, wanapanga vyumba hotelini, kisha anamkokota kaka huyo aliyechoka hadi ukumbi wa dansi wa Moulin Rouge. (Wanaojali kalenda watakumbuka kwamba ukumbi huo ulifunguliwa tarehe 6 Oktoba 1889, Maonyesho yakiwa yamebakiza wiki chache tu, nadhani watengenezaji walijali taa na sketi za wacheza dansi kuliko tarehe.) Asubuhi yake Johnny hayupo. Si yeye tu: chumba chake, namba 19, nacho hakipo, na pale palipokuwa na mlango pana ukuta mtupu. Mwenye hoteli, Madame Hervé, anamweleza Vicky kwa upole kwamba alifika peke yake.

Kisa chenyewe ni cha zamani kuliko filamu. Kilisimuliwa kwa namna nyingi kabla Anthony Thorne hajakiandikia riwaya ambayo ndiyo iliyozaa filamu hii, na mwongozaji Alfred Hitchcock naye alichezea wazo linalofanana nacho mwaka 1938 katika The Lady Vanishes, ambamo mwanamke anatoweka ndani ya treni na wasafiri wanakana kwamba alikuwepo. Huko, hata hivyo, msichana anayemtafuta amegongwa kichwani kabla ya safari, kwa hiyo wanaomkanusha wana kisingizio cha kitabibu, na wasafiri wanaosema uwongo kila mmoja ana sababu yake ndogo ya binafsi, jambo linalowapa waandishi nafasi ya kutuchekesha. Fisher na mwenzake Antony Darnborough hawatupi nafasi hiyo. Sisi tumemwona Johnny akila, akilalamika na akipanda kwenda kulala, na hakuna hata dakika moja tunayoachiwa tumshuku Vicky kuwa anaota. Wapo watakaosema kwamba hapo ndipo taharuki inapokufa. Mimi naona hapo ndipo inapozaliwa, kwa sababu badala ya kuulizwa kama msichana ana akili timamu, tunafanywa mashahidi tusioweza kuitwa kutoa ushahidi, na hofu yetu inageuka kuwa hasira.

Hasira hiyo inachochewa zaidi na adabu. Cathleen Nesbitt, anayemwigiza Madame Hervé, hapandishi sauti wala hakunji uso. Anamjibu mgeni wake kama mtu anayemhurumia mtoto aliyechanganyikiwa na safari. Diski ina faida yake hapa, kwani unaweza kurudisha nyuma na kumtazama tena ukiwa tayari unajua anachokificha, na utaona kwamba uigizaji wake haujategemea ujinga wako. Maneno yale yale yaliyokuwa maliwazo mara ya kwanza sasa ni ufunguo unaozungushwa mlangoni. Balozi mdogo wa Uingereza na mkuu wa polisi nao ni watu wastaarabu, wanasikiliza, wanahoji, na hawasaidii kitu, maana kila wanachoelezwa hakina shahidi.

Shahidi mmoja alikuwepo, mhudumu wa vyumba aitwaye Nina, lakini Vicky anafika kwenye viwanja vya Maonyesho puto alilopanda Nina likiwa linapaa, na linashika moto mbele ya macho yake. Tukio limepigwa picha vizuri, ila siwezi kulisamehe kabisa: ni ajali tu, haikupangwa na yeyote, na hadithi inayojengwa juu ya hila za watu haikupaswa kuokolewa na bahati mbaya.

Kinachofuata kinafidia. Usiku ule wa kwanza mchoraji George Hathaway, yaani Dirk Bogarde akiwa bado kijana, alikuwa amekopa faranga 50 kutoka kwa Johnny ili amlipe mwenye gari la farasi. Anapozirudisha kwa barua, ndipo Vicky anapopata kwa mara ya kwanza uthibitisho kwamba kaka yake alikanyaga hoteli ile. Watu wote wamefundishwa kukana, lakini hakuna aliyekumbuka kulifuta deni. George kisha anasimama nje na kuhesabu roshani, anapata 6. Anaingia ndani na kuhesabu vyumba, anapata 5. Nilisimamisha picha nikahesabu naye, na ninapenda filamu inayomruhusu mtazamaji afanye hivyo.

Siri ni tauni. Johnny aliugua usiku, akatolewa kimya kimya, na chumba kikazibwa kwa ukuta, kwa hofu kwamba habari hiyo ingeufukuza umati wa wageni kutoka Paris. Na umati huo haukuwa mdogo, kwani Maonyesho yalipokea watu wapatao milioni 32. Bakteria wa tauni alikuja kutambuliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894 tu, kwa hiyo kuzungushia chumba ukuta kunaingia akilini kwa watu wa mwaka ule. Kinachonikera ni wepesi wa msamaha. Daktari anaitwa, tunapewa tumaini kwamba mgonjwa anaweza kupona, na filamu inafungwa bila kumpa Vicky hata sentensi moja ya kuwauliza waungwana wale ni kwa nini ilibidi yeye aonekane mwendawazimu, ilhali wangeweza kumkalisha chini na kumwomba anyamaze.