Wapika Maandazi wa Dar es Salaam Wapewe Cheti cha Ufundi Wao

Watanzania wengi tunaokuja Ujerumani kwa mlango wa kujitolea, hasa tangu weltwärts, programu ya kujitolea ya serikali ya Ujerumani, ilipoanza kupokea vijana kutoka nchi za Kusini mwaka 2013, hupangiwa kazi katika shule za awali, makazi ya watu wenye ulemavu au nyumba za kutunzia wazee. Mimi nilipangiwa kwa wazee, katika mji mdogo wa jimbo la Bavaria, na huko bibi mmoja mkazi wa nyumba ile alinifundisha kupika Auszogne.

Auszogne ni andazi la mviringo ambalo hupikwa zaidi kwa sikukuu ya Kirchweih, yaani kumbukumbu ya kuwekwa wakfu kwa makanisa, inayoangukia Jumapili ya tatu ya Oktoba. Unga wa ngano hukandwa kwa hamira, maziwa, mayai, siagi na sukari kidogo, ukaachwa uumuke, ukakatwa madonge, kisha kila donge huvutwa kwa vidole vilivyopakwa mafuta mpaka katikati pawe pembamba kama karatasi na ukingo ubaki mnene. Hukaangwa katika samli ya moto. Ukingo hugeuka kahawia, katikati pakabaki peupe, na likiepuliwa hunyunyiziwa sukari ya unga. Ukivuta kwa pupa linatoboka, na donge lisilopumzishwa vya kutosha hujirudi na kugoma kutanuka. Bibi hakutumia mizani hata mara moja. Alijua kwa kugusa, namna ile ile wanavyojua akina mama wa Temeke na Buguruni, ambao alfajiri huwa wamekwisha kukanda unga wenye tui la nazi na iliki, na huutambua moto wa mkaa uliozidi kabla andazi la kwanza halijaungua.

Kwa upande wa chakula chenyewe, sioni kwamba Bavaria imetushinda. Wafanyakazi vijana wa nyumba ile hununua Auszogne dukani na wengi hawajawahi kuivuta kwa mikono yao, ilhali Dar es Salaam mtoto hujifunza kusukuma maandazi akiwa kando ya mama yake, na mtaa mzima hunywa chai kwa maandazi ya moto kila siku bila kungoja sikukuu.

Tulipozidiwa ni katika heshima. Hapa kijana anayetaka kuwa mwoka mikate husomea kazi hiyo kwa miaka 3, kazini na chuoni kwa pamoja, huku akilipwa kila mwezi, na mzazi wake huitaja kazi hiyo bila kuinamisha kichwa. Kwetu mama ameuza vitumbua kando ya kituo cha daladala hadi watoto wamemaliza shule, na bado utasikia watu, wakiwamo hao aliowasomesha, wakisema kwamba hana kazi. Jambo hilo linaniuma zaidi sasa kuliko nilipokuwa nyumbani.

Sisemi tuige kila kitu. Ujerumani, kufungua biashara ya kuoka mikate kwa kawaida hudai awepo mwenye cheti cha Meister, yaani cha fundi bingwa, na sharti la aina hiyo lingewaondoa mtaani wanawake wale wale wanaotulisha. Lakini VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo, na chuo chake cha Chang'ombe kipo humo humo Temeke. Wapika maandazi na vitumbua waingizwe katika utaratibu huo kwa makusudi, wapimwe mbele ya makarai yao wenyewe baada ya saa nne asubuhi, biashara ikiwa imekwisha, na halmashauri, ambazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zikipe cheti hicho uzito zinapochambua maombi ya mikopo ya wapika hao.