Hesabu ya magari ya Montgomery: harakati za watu weusi katika darasa la saba

Katika shule za kati za Marekani, darasa la sita hadi la nane, ubishi kuhusu kufundisha historia ya harakati za Wamarekani Weusi za kudai haki haujapoa. Familia kutoka Kongo, Kenya na Tanzania nazo zina watoto katika madarasa hayo. Upande mmoja unataka watoto wa miaka 11 hadi 14 wajue jinsi jamii za watu weusi zilivyojipanga. Upande wa pili unaogopa kwamba kipindi cha historia kitageuka semina ya siasa. Florida, ambayo tangu 1994 inazitaka shule zake zifundishe historia ya Wamarekani Weusi, mwaka 2022 ilipitisha sheria inayokataza kumfundisha mwanafunzi kwamba analazimika kujiona mwenye hatia kwa yaliyotendwa zamani na watu wa rangi yake.

Hofu hiyo ina msingi. Zipo kazi za darasani ambazo mzazi yeyote angezihoji. Mtoto akiambiwa achague suala la leo na kumwandikia meya, alama zake zitatokana na historia au na msimamo wake? Mbaya zaidi ni maigizo ya ubaguzi, pale mwalimu anapomfanya mmoja kuwa dereva wa basi na mwingine abiria wa kufukuzwa kitini. Mtoto mweusi aliye peke yake darasani ndiye atakayebeba uzito wa igizo hilo, na atakachokumbuka ni aibu. Maigizo ya namna hiyo yaachwe.

Lakini wanaopinga huwa wanafikiria hotuba, maandamano na ngumi zilizoinuliwa. Harakati zenyewe kwa sehemu kubwa zilikuwa kazi ya kupanga, na kazi hiyo inafundishika kwa penseli na karatasi.

Chukua mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, ambapo watu weusi waliacha kupanda mabasi ya jiji baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti; ulianza tarehe 5 Desemba 1955 na kudumu siku 381. Martin Luther King alikadiria kwamba watu weusi 17,500 walikuwa wakipanda mabasi hayo kwenda na kurudi kila siku. Magari ya watu waliojitolea kuwabeba wagomaji yalikuwa yapata 300. Mwalimu aandike namba hizo mbili ubaoni na kunyamaza. Ukigawanya, kila gari lina watu 58. Likibeba watano kwa mara moja, ni safari 12 asubuhi na 12 jioni. Tuseme safari moja, kwenda na kurudi, ni dakika 20: jumla saa nne, na mtumishi wa ndani anatakiwa jikoni kwa mwajiri wake kabla ya chai ya asubuhi.

Hesabu inakataa, na maswali yanaanza kutoka kwa watoto wenyewe. Waliobaki walifikaje kazini? Wengi walitembea. Teksi je? Mwanzoni madereva weusi walitoza senti 10, sawa na basi, mpaka wakuu wa jiji walipotishia kutekeleza sheria ya nauli ya chini ya senti 45. Kwa safari mbili kwa siku, siku sita, dola 1.20 za wiki zinakuwa 5.40. Petroli alilipa nani? Michango ya mikutano ya kanisani, na mauzo ya keki na chakula yaliyoongozwa na Georgia Gilmore. Bima ya magari ya makanisa ilipofutwa, ilibidi itafutwe hadi Lloyd's ya London. Hakuna hata hatua moja hapo inayomtaka mtoto achague chama.

Baada ya hesabu, wape kipeperushi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba, Jo Ann Robinson, mwalimu wa Alabama State College na kiongozi wa baraza la wanawake, alidurufu makumi ya maelfu ya nakala, tangazo moja likirudiwa mara tatu katika kila karatasi, kisha zikakatwa. Linaanza kwa kusema kwamba mwanamke *mwingine* amekamatwa. Wape watoto kalamu wazungushie neno hilo. Mwingine baada ya nani? Ndipo anaingia Claudette Colvin, aliyekamatwa kwa kosa kama hilo tarehe 2 Machi mwaka huohuo akiwa na miaka 15, na ambaye viongozi waliona kesi yake isiwe ya kujengea mgomo. Mwalimu anayeruka sehemu hii kwa kuona inawachafua mashujaa anawapa wapinzani hoja yao: hapo amefundisha sifa tupu. Na Rosa Parks aitwe alivyokuwa, mwanamke wa miaka 42, katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kwa miaka mingi. Hadithi ya mshonaji aliyechoka miguu tu inafuta kazi yake yote.

Kipo pia kitu cha kubishania kwa haki. Tarehe 13 Novemba 1956, wakati mahakama ya Alabama ikisikiliza ombi la kupiga marufuku mpango wa magari, ilifika habari kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imethibitisha hukumu dhidi ya ubaguzi katika mabasi. Kesi hiyo Colvin alikuwa mmoja wa walioifungua. Mgomo ulishinda, au mahakama? Darasa linaweza kugawanyika kabisa, na kila kundi likawa na ushahidi.

Na badala ya barua kwa meya wa leo, wasome ile ambayo Robinson alimwandikia Gayle, meya wa Montgomery, tarehe 21 Mei 1954, mwaka mmoja na nusu kabla ya Parks kukamatwa. Wapigie mstari mahali penye onyo. Watalitafuta kwa muda, maana lugha yake ni ya adabu kabisa: robo tatu ya abiria ni weusi, wasipopanda mabasi hayawezi kwenda, na vyama 25 au zaidi vinazungumzia mgomo.